Mtu wa Pili Mezani

Mchezo wa mezani ukiwa bado kichwani mwa aliyeubuni hauna kasoro. Kanuni zinaeleweka, zamu zinakwenda haraka, na mshindi anapatikana kabla mtu hajachoka. Kasoro huanza kujitokeza siku mtu mwingine anapoketi upande wa pili wa meza. Yeye hajui mbunifu alikusudia nini. Anachoona ni vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa mkasi, na baada ya zamu mbili tatu anauliza: "Sasa nikikosa pa kucheza, nafanyaje?" Mbunifu anabaki kimya, maana hilo hakuwahi kulifikiria.

Mtu huyo wa pili mara nyingi ni rafiki, mwenzi wa ndoa, jirani au ndugu. Jina lake halichapishwi kwenye boksi. Hata hivyo, kila ninapofuatilia safari ya mchezo uliofanikiwa kufika dukani, namkuta yeye njiani, na ninaamini kabisa kwamba bila yeye mchezo haufiki. Mbunifu analeta wazo. Mtu wa pili ndiye anayesaidia wazo hilo liwe kitu ambacho mgeni anaweza kukinunua, kukifungua nyumbani kwake na kukicheza bila mbunifu kusimama pembeni akieleza.

Sisi tumekulia kwenye michezo isiyo na mwenyewe. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, halina mbunifu anayejulikana. Limepita mikononi mwa vizazi vya wachezaji barazani, na kila kizazi kimelirithisha kwa kilichofuata. Anayebuni mchezo leo hana vizazi vya kusubiri. Ana miaka michache, fedha kidogo, na watu anaofahamiana nao. Kuona jinsi watu hao wanavyofanya kazi ya vizazi, tuufuate mchezo mmoja ambao historia yake imehifadhiwa vizuri: Scrabble.

Msanifu majengo asiye na kazi

Alfred Mosher Butts alizaliwa mwaka 1899 huko Poughkeepsie, katika jimbo la New York, akasomea usanifu majengo. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani, ujenzi ulisimama, na mwaka 1931 akajikuta hana kazi. Akaamua kubuni mchezo, na akalifanya jambo hilo kwa utaratibu wa mtu wa taaluma yake. Kwanza aliigawa michezo iliyokuwepo katika makundi matatu: ya namba, kama dadu na bingo, ya kusogeza kete, kama sataranji, na ya maneno. Katika dadu aliona bahati inatawala kila kitu. Katika sataranji aliona bahati haina nafasi hata kidogo, na anayejua zaidi humaliza mchezo mapema. Yeye alitaka mchezo ambao bahati na ustadi vinakaa pamoja, ili hodari ashinde mara nyingi lakini mgeni naye awe na sababu ya kurudi mezani.

Jaribio lake la kwanza, Lexiko, lilikuwa la herufi peke yake, bila ubao. Ugumu ulikuwa kujua kila herufi iwekwe mara ngapi. Butts akachukua magazeti, ukiwemo ukurasa wa mbele wa New York Times, akahesabu kwa mkono ni mara ngapi kila herufi inatokea. Matokeo ya hesabu hiyo bado yamo ndani ya kila boksi la Scrabble ya Kiingereza. E, inayotokea kila mahali, ina kete 12 na kila moja ina pointi moja. Q na Z zina kete moja moja, zenye pointi kumi kila moja.

Penye S aliiacha hesabu yake makusudi. Kwa Kiingereza S ni herufi ya kawaida sana, na ukiibandika mwishoni mwa maneno mengi unapata wingi. Kama angeziweka kwa wingi unaostahili, wachezaji wangekaa wakingoja neno la mwenzao ili waongeze S na kuvuna pointi bila jasho. Akaweka nne tu. Hapo ndipo kazi ya kubuni mchezo inapoonekana: hesabu ilimwambia lugha ikoje, naye akaamua watu wachezeje.

Mwaka 1938 aliunganisha herufi zake na ubao wenye miraba, maneno yakikatizana kama kwenye chemshabongo za magazetini. Sampuli za mchezo huo alizitengeneza mwenyewe nyumbani. Alichora ubao kwa vifaa vyake vya usanifu, akautoa nakala kwa njia ileile iliyotumika kunakili ramani za majengo, kisha akabandika nakala hizo juu ya mbao za drafti za kukunja. Herufi nazo alizichora kwa mkono, akazigundisha kwenye mbao nyepesi ya balsa yenye unene wa robo inchi, halafu akaikata vipande vinavyolingana na miraba ya ubao.

Aliyewahi kutengeneza sampuli atatambua busara iliyomo humo. Ubao wa karatasi unaweza kubanduliwa jioni na mwingine ukabandikwa asubuhi. Mraba wa pointi za ziada ukionekana uko mahali pabaya, unachorwa upya kwa gharama ya karatasi moja. Sampuli iliyonakshiwa mapema humfunga mbunifu, kwa sababu anaona uchungu kuiharibu. Sampuli ya karatasi humpa uhuru wa kusikia ukweli.

Majirani wa Jackson Heights

Butts aliishi Jackson Heights, eneo la Queens jijini New York. Ukweli aliutafuta karibu na nyumbani: kwa mke wake Nina, kwa marafiki, na katika ukumbi wa kanisa la Methodist la mtaani kwao, ambako watu walikusanyika kuujaribu mchezo wake. Kanisa hilo liko 35th Avenue, na kibao cha jina la barabara hiyo baadaye kiliandikwa herufi zikiwa na pointi zake pembeni, kwa heshima ya mchezo uliokulia hapo.

Mchezaji wa majaribio hafanyi kazi ya kusifu. Kusifu ni rahisi, na rafiki mwenye adabu husifu hata asipofurahi. Kinachomsaidia mbunifu ni mambo ambayo mchezaji anayafanya bila kujua kwamba anatoa maoni: anapochukua simu katikati ya zamu ya mwenzake, anapouliza swali lilelile kwa mara ya tatu, anapobishana juu ya kanuni, au anapokusanya kete na kuanza kuzipanga upya kabla hajaambiwa. Dalili hii ya mwisho ina thamani kuliko pongezi zote. Mtu anayetaka kurudia mchezo ameshatoa hukumu yake.

Hukumu ya marafiki wa Butts ilikuwa nzuri. Ya kampuni haikuwa. Parker Brothers walikataa, Milton Bradley wakakataa, Selchow & Righter nao wakakataa. Mchezo ulibadilishwa jina mara kadhaa, ukafikia kuitwa Criss-Crosswords, na bado hakuna kampuni iliyoutaka. Butts aliendelea kutengeneza seti chache kwa mkono na kuwauzia waliozihitaji, wengi wao wakiwa watu wanaofahamiana.

Wanaosimulia historia hii huipita haraka miaka hiyo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi naona ndiyo miaka iliyouokoa mchezo. Kwa takriban miaka kumi, kuanzia 1938, Scrabble haikuwa na kampuni, tangazo wala duka. Ilikuwa na nyumba chache tu ambamo ubao uliobandikwa kwa gundi ulitolewa kabatini jioni, ukachezwa, ukarudishwa. Kama watu hao wangeacha kucheza, leo kusingekuwa na cha kusimulia.

Kilichobadilishwa na kilichoachwa

Mmoja wa waliokuwa na seti hizo za mkono alikuwa James Brunot, mkazi wa Newtown katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1948 alikubaliana na Butts: yeye Brunot atautengeneza na kuuza mchezo, na Butts atapata mrabaha kwa kila seti itakayouzwa.

Brunot alisogeza baadhi ya miraba ya pointi za ziada, akarahisisha kanuni, akaupa mchezo jina la Scrabble na kulisajili kama alama ya biashara mwaka huohuo. Idadi ya herufi hakuigusa. Hesabu iliyofanywa na Butts kwenye magazeti aliiacha kama ilivyo, na kwa hilo namheshimu. Anayepokea kazi ya rafiki yake hushawishika kubadilisha kila kitu ili mkono wake uonekane. Brunot aliucheza mchezo huo kabla ya kuanza kuutengeneza, akajua uti wa mgongo wake uko wapi. Alipunguza kilichowachanganya wageni, akakiacha kilichowafanya wenyeji waupende.

Kisha ikaja kazi ngumu. Brunot na familia yake, pamoja na marafiki, walihamia kwenye jengo la zamani la shule huko Dodgingtown, sehemu ya Newtown. Walikuwa wakitengeneza seti 12 kwa saa, wakigonga herufi kwenye vipande vya mbao kimoja baada ya kingine. Mwaka 1949 walimaliza seti 2,400. Kila seti ina kete 100, na mbili kati yake hazina herufi. Maana yake mwaka huo mikono yao iligonga herufi zaidi ya 230,000. Mwisho wa mwaka walipopiga hesabu, walikuwa wamepata hasara ya dola 450.

Hasara hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayedhani kuchapisha mchezo ni kilele cha safari. Mchezo ulikuwa mzuri tangu 1938. Watu waliougusa waliupenda. Kanuni zilikuwa zimenyooshwa na jina limepatikana. Bado fedha zilikuwa zinatoka kuliko zilivyoingia, kwa sababu ubora wa mchezo na habari za mchezo husafiri kwa mwendo tofauti. Habari za mchezo mpya hutembea kwa miguu: familia moja inawaalika wageni, wageni wawili wanauliza wapi wanunue.

Mwaka 1952 habari hizo zilimfikia mtu mwenye duka. Husimuliwa kwamba Jack Straus, aliyekuwa akiongoza duka kubwa la Macy's, aliucheza mchezo akiwa likizoni, akarudi New York na kushangaa kukuta duka lake haliuzi Scrabble. Akaagiza shehena kubwa. Brunot hakuweza tena kumudu mahitaji, na akawapa kibali cha kuutengeneza Selchow & Righter, kampuni ileile iliyoukataa miaka ya nyuma. Kampuni hiyo ilikuwa inajulikana kwa Parcheesi, mchezo wa ukoo mmoja na Ludo tunayoijua sisi. Mwaka 1954 ziliuzwa seti karibu milioni nne.

Butts alipata mrabaha wake, na aliishi hadi 1993 akiuona mchezo wake ukichezwa dunia nzima. Mwaka 2015, huko Perth nchini Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na mwaka 2017 mashindano ya dunia ya WESPA, chama cha wachezaji wa Scrabble ya Kiingereza, yalifanyika Nairobi.

Rafiki na karatasi ya makubaliano

Si kila mtu wa pili ni Brunot. Mwaka 1904 Elizabeth Magie, Mmarekani, alipewa hataza ya mchezo wake ulioitwa The Landlord's Game, alioubuni ili kuonyesha jinsi wamiliki wa ardhi wanavyotajirika kwa kodi huku wapangaji wakizama. Mchezo huo ulisambaa kwa miaka mingi kutoka nyumba hadi nyumba, watu wakijitengenezea mbao zao na kubadilisha majina ya mitaa. Charles Darrow alifundishwa na watu aliofahamiana nao, akatengeneza seti zake kwa jina la Monopoly, na mwaka 1935 Parker Brothers wakaununua kwake kama mchezo wake. Hataza ya Magie ilinunuliwa kwa dola 500, bila mrabaha.

Visa hivi viwili vilianzia mahali pamoja: mchezo wa kutengenezwa kwa mkono, ukipita kati ya watu wanaojuana. Tofauti ni kwamba Brunot alipoona mchezo unaweza kuwa biashara, alimfuata mwenyewe wakaandikiana. Kwetu watu wengi huona haya kutaja mkataba mbele ya rafiki, wakidhani ni dalili ya kutoaminiana. Naliona jambo hilo kinyume kabisa. Makubaliano yaliyoandikwa mapema, wakati mchezo haujaingiza hata senti moja, ndiyo yanayolinda urafiki siku fedha zitakapoingia.

Tukihesabu herufi zetu

Tuseme rafiki yako anataka kutengeneza mchezo wa maneno wa Kiswahili. Kazi ya Butts itabidi ianze upya kutoka ukurasa wa kwanza wa gazeti, kwa sababu seti ya Kiingereza haitufai. Ina kete moja tu ya K, yenye pointi tano, kwa kuwa Waingereza hawaitumii sana. Kwetu K imo kwenye "kwa", "katika", "kitu" na kila kitenzi kinachoanza na "ku-". Kwa seti hiyo huwezi kuandika "kuku" wala "kaka" bila kutumia kete tupu, na "kakakuona" angekumalizia kete zote mbili tupu kwa mpigo. A ingehitaji kete nyingi kuliko herufi nyingine yoyote. Q na X zingetupwa. C peke yake haina kazi, kwa hiyo CH ingekuwa kete moja, kama seti za Kihispania zilivyowahi kufanya kwa CH yao.

Herufi ni sehemu rahisi. Swali gumu ni lile ambalo Butts alilijibu kwa kupunguza S. Kwetu wingi huanzia mbele ya neno, na mara nyingi haujengwi kwa kuongeza bali kwa kubadilisha: "kiti" huwa "viti", na kete zilizokwisha kulala ubaoni haziwezi kubadilishwa. Lakini "duka" linaweza kuwa "maduka", "shamba" likawa "mashamba", na "gari" likawa "magari", kwa kuongeza kete mbili mbele. Vitenzi navyo hurefuka nyuma: "piga" inazaa "pigana", "penda" inazaa "pendana". Kwa hiyo mchezaji mzuri wa Kiswahili angejifunza kuacha nafasi mbele ya jina na nyuma ya kitenzi, mbinu ambayo mchezaji wa Kiingereza haihitaji kwa namna hiyo.

Halafu kuna suala ambalo lingezua ubishi mezani jioni ya kwanza tu. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Nitakapokuambia" ni neno moja lenye herufi 15, sawasawa na urefu wa mstari mmoja wa ubao wa Scrabble. Je, maneno ya namna hiyo yaruhusiwe? Yakiruhusiwa yote, kila kitenzi kilichopo ubaoni kinaweza kuvishwa viambishi pande zote, na anayepata herufi za viambishi anavuna kila zamu. Yakikatazwa yote, mchezo unapoteza kile hasa kinachokifanya Kiswahili kiwe Kiswahili. Pengine kanuni ingeruhusu kiambishi kimoja tu, au ingetoa pointi kwa herufi mpya peke yake.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa kukaa na kufikiri. Linahitaji shangazi anayependa kubisha, kijana anayejua maneno ya mtaani, mwalimu mstaafu mwenye kamusi, na mtoto wa darasa la sita. Wachezeshwe kwa kanuni moja leo na nyingine wiki ijayo, na mbunifu akae pembeni akiandika wapi walicheka, wapi walikwama, na wapi waligombana.

Kazi unayoweza kuifanya

Njia za kufika sokoni zimebadilika tangu enzi za Dodgingtown. Tangu tovuti ya Kickstarter ianzishwe mwaka 2009, wabunifu wengi wamekusanya fedha za uchapishaji kutoka kwa wanunuzi wenyewe kabla boksi la kwanza halijatengenezwa. Lakini hatua ya katikati, kutoka sampuli hadi mchezo uliokamilika, bado hupitia meza zilezile. Klaus Teuber, fundi wa meno bandia huko Ujerumani, alikuwa akiijaribu michezo yake na mke wake na watoto nyumbani kabla ya mchezo wake wa Catan kutolewa na kampuni ya Kosmos mwaka 1995.

Kwa hiyo rafiki yako akikuletea bahasha yenye vipande vya kadi vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino, kuna mambo unaweza kumfanyia ambayo fedha hazinunui. Cheza hadi mwisho, hata kama katikati umechoka, kisha mwambie ulichoka zamu ya ngapi. Usimpe suluhisho kabla hajaelewa tatizo, maana suluhisho lako linaweza kumpeleka kwenye mchezo mwingine kabisa. Rudi mara ya pili, kwa sababu mabadiliko yanapimwa na mtu aliyeona toleo lililopita. Kisha mtafutie watu wasiomjua. Wewe tayari umeshasikia maelezo yake na unampenda. Hao wapewe boksi na karatasi ya kanuni tu, naye anyamaze hadi mwisho. Popote watakapokosea, karatasi ya kanuni ndiyo iliyokosea.

Na kampuni ikimkataa, endelea kumwomba aulete mchezo mkikutana. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo walilolifanya wale wachache wenye seti za Butts kwa takriban miaka kumi, na mmoja wao ndiye aliyekuja kuufikisha mchezo dukani. Kampuni ilihitaji kuona soko ndipo ikubali. Wao ilitosha kwamba waliufurahia mchezo, wakaucheza tena na tena, na soko likaanzia kwao.